Kamba ya Mtu

Habari ilipofika Kiuyu kwamba kuna watu watapanda juu ya miti kwa ajili ya kupanda tu, barza zote mbili za kahawa zilicheka. Na hilo si jambo dogo. Tangu vyama vingi viingie, barza ya juu na barza ya chini hazikuwahi kukubaliana juu ya lolote. Hata mwezi wa Ramadhani ukiandama ulikuwa na chama chake. Maridhiano ya vyama yalikuwa yametimiza mwaka, watu wamerudi kuamkiana na kualikana harusini, lakini kucheka pamoja kulikuwa bado.

"Nti hauna karafuu, hauna embe, hauna nzinga wa nyuki, na ntu anaupanda," alisema Mbarouk, muuza kahawa, huku akigonganisha vikombe vyake. "Hebu niambieni, huko juu anafuata nini?"

"Anafuata akili yake," alijibu Himid Mabruki. "Ilitangulia."

Watu wakashika mbavu, na Himid akapewa kikombe cha bure.

Alikuwa na haki ya kucheka kuliko wote. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na moja, na thelathini na tatu kati ya hiyo aliimaliza mitini. Kutoka Mtambwe mpaka Chake hakuna mwenye shamba la mikarafuu asiyemjua, na msimu ukifika walimtumia watu kumbembeleza, maana karafuu za nchani, zile zinazokaa kwenye vitawi vyembamba kama kidole gumba, Himid ndiye aliyezifikia na kurudi. Hakuwahi kuanguka. Hilo alilisema mwenyewe bila kuulizwa, na kama hukulisikia vizuri alilirudia. Unyenyekevu aliwaachia walioanguka.

Kamba aliijua, tena sana. Kila mchumaji hupanda na kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, begani. Lakini kamba ya mchumaji ni ya tawi. Mkarafuu ni mti wa hila; tawi lake halilii kabla ya kukatika, linakwenda tu. Kwa hiyo mchumaji akitaka kwenda nje juu ya tawi jembamba, kwanza hulifunga kwenye shina juu yake, kamba ibebe sehemu ya uzito, ndipo akanyage. Mwenyewe hajifungi popote. Ana mikono yake, nyayo zake na Bismillahi yake. Hivyo ndivyo Himid alivyofundishwa na baba yake, na hivyo ndivyo alivyomfundisha mdogo wake, Haidar.

Haidar alianguka mwaka 1996, katikati ya mavuno. Kwao mchumaji akishapata pa kukaa huko juu huita, "Nimekaaa!" na walio chini humjibu, "Kaa na Mngu!" Kila mtu ana sauti yake ya kuita. Ya Haidar ilipanda, ikavunjika kati, kisha ikapanda tena, na shamba zima liliijua. Siku ile aliita, akajibiwa na mkewe Bimkubwa aliyekuwa akiokota chini ya mti. Haukupita muda wakasikia kishindo.

Maiti ilipokwisha kuchukuliwa, Himid alipanda kuiteremsha kamba. Akaikuta pale pale, imelishika tawi kama alivyomfundisha, mizunguko miwili na ncha imechomekwa. Kamba nzima, tawi zima. Haidar aliteleza, basi. Fundo lilikuwa limekaza, akatoa kisu akaikata, akashuka na vipande viwili. Chini watu walikuwa wamesimama wakingoja, na mmoja akauliza, "Kamba imekatika?"

Himid akajibu, "Ndiyo."

Neno moja tu. Alilitoa kwa sababu lile jingine lilikuwa zito mno: kwamba mdogo wake alifanya kila kitu kama alivyofundishwa na kaka yake, na amekufa. Fundi gani atasimama mbele ya watu aseme hivyo? Hakukumbuka, mpaka alipogeuka akauona uso wa Bimkubwa, kamba ile ilisokotwa na nani.

Maana Bimkubwa alikuwa msokotaji. Makumbi yake aliyafukia pwani mwenyewe, akayafukua mwenyewe, akayapiga, akayasokota, na kamba yake wavuvi walivuka maji kutoka Kojani kuja kuifuata. Tangu siku ile hakusokota tena. Makumbi yaliyokuwa pwani aliyaacha yaoze. Hakuna aliyemlaumu kwa mdomo, lakini yeye mwenyewe akaanza kupita pembeni mwa njia, akiwapisha watu hata pasipo haja ya kupisha. Himid alikusudia kumwambia. Arubaini ikapita, mwaka ukapita, akasema ngoja uchaguzi upite, na uchaguzi ukapita mitatu. Akawa anamlimia shamba, anampelekea samaki, anafanya kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Sasa huyo aliyeileta habari ya kupanda bure alikuwa Bi Thuraiya Amur, mwalimu wa bayolojia wa skuli ya sekondari. Babu yake ndiye aliyekuwa na ardhi ile kabla ya Mapinduzi, na baba yake Himid ndiye aliyemchumia. Katika ardhi hiyo kilibaki kimsitu cha mivule, wenyewe wanakiita Kwa Jaribu, mikubwa hata watu wanne hawaizungushi mikono. Bi Thuraiya alijifunza kupanda kwa kamba alipokuwa akisoma nje, akarudi na masanduku mawili ya vifaa, akachukua ruhusa kwa sheha, akatangaza klabu. Anayetaka kupanda mti kwa raha yake, mwanamume au mwanamke, aje Jumamosi asubuhi.

Alimfuata Himid nyumbani kwa heshima zote, shikamoo na marahaba zikatimia.

"Mzee Himid, miti ya kwetu unaijua kuliko mimi. Nakuomba uwe mkubwa wetu huko juu. Ila itabidi ujifunze kujifunga."

"Nijifunge mie?" Himid aliuliza. "Mwalimu, hufungwa mbuzi."

Bi Thuraiya akacheka, akaaga, na maneno hayo yakazunguka barza zote mbili kabla ya adhuhuri. Himid alijisikia raha sana.

Raha hiyo ilidumu siku tisa. Siku ya kumi alikuja Bimkubwa, kasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Shemegi, husikii? Zulekha ataka kupanda nti."

Zulekha alikuwa binti wa Haidar, fundi cherehani, umri wake miaka ishirini na mbili. Bi Thuraiya alimpelekea kazi ya kushona vifuko vidogo vya kutilia mchanga, Zulekha akauliza ni vya nini, akaenda kutazama, na aliporudi hakuwa na mazungumzo mengine.

"Nshamkataza hasikii," alisema Bimkubwa. "Weye ndiye baba yake sasa. Kamwambie. Kamba ishaniulia mume, na nliisokota kwa mikono hino. Sitaki nyengine."

Himid alizitazama nyayo zake. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kulisema lile neno, na alilijua hilo, na hakulisema. "Ntakwenda," alisema.

Alimkuta Zulekha cherehanini. "Hupandi," alimwambia, hata hajakaa.

"Ami, mbona wewe wapanda na hukatazwi?"

"Mie sianguki."

"Na baba alikuwa akisemaje?"

Haidar alikuwa akisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, na alimwiga nani kama si Himid?

Zulekha akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Basi tufanye hivi. Panda wewe kwanza kwa kamba za mwalimu. Ukishuka ukasema mbele ya watu kwamba kamba zile ni za uwongo, mimi naacha, wala sitarudi tena. Ukisema ni za kweli, mama aniruhusu."

Msichana alijua anachokifanya. Mali ya mtu kama Himid ni jina lake, na hapo lilikuwa limewekwa mezani. Akakubali kwa hasira.

Jumamosi tatu za mwanzo Himid hakupandishwa juu kuliko kimo cha mlango, na Zulekha akawa kando, ardhini, akijifunza mafundo yale yale. Bi Thuraiya hakuwa na haraka na mtu. Alimvika mkanda mpana unaozunguka kiuno na mapaja, akamvika kofia ngumu, akamwonyesha vikulabu vya chuma vinavyojifunga vyenyewe. Akamwonyesha namna ya kurusha kile kifuko cha mchanga chenye uzi kikapita juu ya tawi nene, uzi ukaivuta kamba, na gome likavalishwa turubai pale kamba inapopita ili mti usichubuke. Kisha watu wawili wakaning'inia kwa pamoja kwenye kamba, miguu nusu ardhini, kulijaribu tawi kabla ya mtu yeyote kupanda. Hilo Himid alilipenda, ingawa hakulisema. Alilipenda zaidi fundo: fundo dogo unalolisukuma juu likateleza, ukilikalia likauma. Alilifunga na kulifungua mara hamsini akilitafutia kosa.

"Na hii kamba fupi hapa nyongani," alisema Bi Thuraiya, "ndiyo roho yako. Ukitaka kuihamisha kamba ndefu, kwanza zungusha fupi kwenye mti, irudishe mkandani, ifunge. Ndipo uifungue ndefu. Kila siku, kila mara, hata ukiwa malaika."

"Malaika ana mbawa, Mwalimu."

"Ndiyo maana hatumvishi mkanda. Rudia."

Akarudia. Alirudia mpaka akachoka kurudia, na moyoni akisema kwamba haya ni mambo ya kuwafundisha watu wasiojua mti.

Jumamosi ya nne Kiuyu nzima ilikuwa Kwa Jaribu. Barza ya juu ilisimama upande wa kibla, barza ya chini upande wa pili, na Mbarouk na birika lake akazunguka katikati kwa sababu kahawa haina upande. Bimkubwa alisimama mbali, pembeni, mkono mdomoni. Zulekha alikuwa amekwishavaa mkanda juu ya suruali na baibui fupi aliyojishonea mwenyewe kwa kazi hiyo, anangoja.

Bi Thuraiya alimkagua Himid kila kifungo, kisha Himid akamkagua yeye. Wakapanda pamoja, kila mmoja kwa kamba yake, kwenye mvule mmoja. Himid alipanda vizuri. Nasema alipanda vizuri sana; mwili wake ulikuwa ukiukumbuka mti na kamba ikamwondolea uzito, akapita kimo cha mnazi, akapita kimo cha mnazi wa pili, wala hajatoka jasho. Katika mti wa jirani aliwaona popo wetu wakubwa, wekundu, wamejifunika mbawa zao wamelala, na kwa mara ya kwanza maishani aliwatazama popo wakiwa usawa wake. Akaiona Kojani yote, bati kwa bati. Miaka yote ile ya kupanda hakuwahi kutazama kitu, maana macho ya mchumaji yako kwenye kishada kilicho mbele ya mkono wake.

Alipofika kwenye panda kubwa, shina linapogawanyika, alitakiwa asimame hapo, afunge ile fupi, aihamishe ndefu. Lakini juu kidogo, kushoto, kulikuwa na tawi linalotoka nje kwenye jua, na Himid akalitaka. Wala hakufikiri. Mikono ilifanya kazi yake ya miaka thelathini na mitatu. Ikafungua kikulabu, ikaivuta kamba, ikalifunga tawi kwenye shina, mizunguko miwili na ncha ikachomekwa. Akalijaribu kwa unyayo, likakubali. Akalifuata nje kidogo, akakaa, akajaza kifua.

"Nimekaaa!"

"Kaa na Mngu!" ilijibu Kiuyu, juu na chini kwa sauti moja, mpaka popo wakajigeuza.

Himid alihisi furaha ambayo hakuwahi kuihisi msimu wowote. Mtu wa miaka hamsini na moja, na mti mrefu kuliko yote, na mji mzima unamjibu. Bi Thuraiya peke yake hakujibu. Alikuwa amening'inia pima tatu chini yake, na aliposema alisema polepole.

"Mzee Himid. Usiinuke. Niambie kamba yako iko wapi."

"Si hii hapa," alisema Himid, akapeleka mkono kiunoni. Mkono ukashika chuma kitupu.

Akageuka, akaiona. Ilikuwa kwenye tawi. Imefungwa vizuri, haina kosa, lile lile fundo, na tawi lililobebwa nalo halitikisiki, na yeye amekaa juu yake hana kitu. Hivyo ndivyo alivyokuwa Haidar. Kamba alikuwa nayo. Alikuwa nayo mkononi, nzuri, mpya, na akaifunga kwenye tawi badala ya mwili wake.

Akalikumbatia tawi alilokalia.

"Ile fupi," alisema Bi Thuraiya, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nyonga ya kushoto. Vizuri. Sogea shinani hivyo hivyo umekaa, uizungushe kwenye shina, si kwenye tawi. Irudishe mkandani. Nataka kusikia kikulabu kikijifunga."

Kikajifunga. Kisha akamwelekeza kuifungua ndefu kutoka kwenye tawi, kuirusha juu ya mhimili wa panda, kuirudisha kiunoni, kulifunga lile fundo dogo. Bi Thuraiya akapanda mpaka alipo, akashika kila kitu kwa mkono wake, akatikisa.

"Kalia mkanda sasa. Achia mikono."

Himid akaachia. Ilikuwa mara ya kwanza kuachia mikono yote miwili juu ya mti, na hakwenda popote. Kamba ikamshika. Akakaa hewani kama aliyekaa kwenye upenu wa nyumba yake, akalia, machozi yakadondoka chini mbali.

"Twende tushuke, mzee wangu," alisema Bi Thuraiya taratibu. "Huko chini hawajaona kitu. Wanadhani umepumzika."

Na kweli walidhani hivyo. Walikuwa bado wanapiga makofi. Himid alijua kwamba hapo tena anapewa neno moja dogo la kumfichia aibu, kama alilolitwaa miaka kumi na mitano nyuma, na safari hii analetewa mkononi na mtu mwema. Angeweza kushuka akasema kamba ni za kweli, Zulekha akapanda, mambo yakaisha, na yeye akabaki yule yule asiyekosea. Akamtafuta Bimkubwa kwa macho. Hakupata taabu kumwona. Alikuwa peke yake pembeni.

"Bimkubwa!"

"Abee!" aliitika kwa mshituko, na watu wote wakageuka kumtazama.

"Nimekosea! Nimeivua kamba kiunoni nikaifunga tawi, nikakaa bure bure, na nyinyi mkanijibu! Bi Thuraiya ndiye aliyeniona!" Akavuta pumzi. "Na Haidar alifanya hivi hivi! Unanisikia? Kamba yako haikukatika! Nliikuta nzima, na tawi zima! Nliikata mie kwa kisu changu, fundo lilinishinda kulifungua. Nkaulizwa, nkasema ndiyo. Nlisema uwongo, Bimkubwa! Kamba ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa mafunzo yangu!"

Mbarouk alisimama na kikombe nusu njia. Himid akaanza kushuka, na safari ya chini ilikuwa ndefu kuliko ya juu, maana kila alivyokaribia ndivyo alivyozidi kuuona uso wa yule mwanamke.

Alipogusa ardhi Bimkubwa alikuwa ameshafika, amepasua kundi la watu katikati.

"Miaka kumi na mitano," alisema.

"Ndiyo."

"Makumbi yangu yakaoza pwani."

"Ndiyo."

"Nkawa silali, nahesabu nyuzi. Nasema labda usumba haukuiva, labda nlisokota nkiwa na homa."

"Najua, shemegi. Najua."

"Na ilikuwa nzima?"

"Wallahi nzima. Haikutoka hata unyuzi mmoja."

Bimkubwa akafumba macho. Watu walidhani ataanguka, na mmoja akapeleka mkono kumshika, lakini alipofumbua alikuwa amenyooka, na wengi walishangaa kuona kumbe ni mwanamke mrefu. Akaigeukia barza ya juu, kisha barza ya chini.

"Mmesikia?" alisema. "Kamba yangu haikukatika. Atakayesema vyengine aje aniambie usoni." Kisha kwa Himid, kwa sauti ya chini, "Weye, tutazungumza nyumbani. Na usidhani yatakuwa mafupi."

"Sidhani," alisema Himid.

Bimkubwa akaenda kwenye kamba ya Bi Thuraiya, akaikamata kati ya vidole, akaifinya, akaipinda, akaifunua nyuzi zake akachungulia ndani. Wasokotaji ndivyo wanavyosalimiana na kamba wasiyoijua.

"Hii kasokota nani?"

"Mashine, Bimkubwa."

"Mashine imejitahidi," alisema Bimkubwa. Akaiachia. "Mwacheni mwanangu apande."

Bi Thuraiya alimkagua Zulekha kutoka kofia mpaka mapajani. Himid alisimama kando, na Bi Thuraiya akamwambia bila kumficha, "Leo hukufaulu, Mzee Himid."

"Najua. Nitarudi Jumamosi ijayo, na nyengine, na nyengine. Lakini niruhusu nimtazame huyu, baada yako."

Akaruhusiwa. Akapiga goti mbele ya mtoto wa nduguye, akavuta kila ukanda, akasikiliza kila kikulabu kikijifunga. Alipofika kwenye ile fupi ya nyongani aliishika kwa muda. "Hii ya ntu," alisema. "Tawi litajijua lenyewe. Hii ni ya ntu. Usije ukaipa kitu chengine."

"Nimesikia, Ami."

Zulekha akapanda, na Bi Thuraiya pembeni yake. Hakupanda kama mchumaji, wala kwa haraka. Alipanda kama anavyoshona, hatua inafuata hatua. Alipofika kwenye panda kubwa akasimama. Himid chini alikuwa akitikisa midomo: fupi kwanza. Mkono wa Zulekha ukashuka nyongani. Fupi ikazunguka shina, ikarudi, ikafungwa. Ndipo ndefu ikahama. Kifua cha Himid kikajaa fahari mpya. Kwa mikono yake mwenyewe hakuwahi kuona fahari kama ile aliyoiona kwa mikono ya binti huyu.

Zulekha akaliendea lile tawi la juani. Akakaa. Akaukalia mkanda, akaachia mikono yote miwili, akaifungua hewani watu wamwone. Kisha akaita.

"Nimekaaa!"

Sauti ikapanda, ikavunjika kati, ikapanda tena. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na miaka saba mara ya mwisho alipoisikia, na alikuwa ameiweka. Wazee wa barza zote mbili waliinamisha vichwa, na wengine wao hawakwenda kumzika yule mwenye sauti, kwa sababu ya chama.

Himid alifungua kinywa ajibu, maana kujibu kulikuwa kwake yeye, ndugu wa marehemu. Akakuta ameshawahiwa.

"Kaa na Mngu, mwanangu!" Bimkubwa alijibu, mikono kiunoni, kichwa nyuma, kwa sauti ile ile aliyojibia chini ya mkarafuu akiwa mke kijana. "Kaa na Mngu, na kamba yako kiunoni!"

Alasiri ile ile walimwona akitoka kwake na pakacha la makumbi kichwani, anashuka pwani kwenda kuyafukia. Njiani alipishana na watu wengi. Alipita katikati ya njia, na wao ndio waliompisha.